Bomba Uliache Wazi

Tumo mwongo wa ishirini na nne tangu Nairuzi.
Kwa hesabu ya marehemu baba, tela lingekuwa limeshafungwa.
Kwa redio, bado siku kumi.
Kwa goti langu la kushoto, jana.

Wewe, Kazija, wasema wiki moja tu.
Chwale zimebaki za kuokota chini ya mikarafuu,
na waokotaji nao wanywa chai.
Nami najua si chai.

Mwaka jana tulisema hivyo hivyo.
Mvua ikatukuta Mtambwe, njia ikawa uji,
trekta la Faki likatuburuta hadi Wete
na Faki akataka pesa yake papo hapo, kwenye tope.
Sakafu ikavimba kama andazi.
Panya akazaa kwenye droo ya vijiko,
watano, wekundu, vipofu,
ukanikataza kuwatupa kabla hawajafumbua macho.

Sasa nimejifunza. Maji kwanza:
tenki limwagwe, lisibaki hata la kusukutulia.
Na bomba uliache wazi, alisema fundi Mbarouk,
akarudia kana kwamba mimi mtoto:
bomba la tenki tupu ukilikaza, mpira wake hugandana,
ukija mwezi wa saba litakutemea kutu.
Jeki, matofali manne. Mawe huzama.
Matairi yaninginie, yasionje udongo.
Beringi nimezitia grisi, mpaka leo wali wanukia grisi.
Mtungi wa gesi uko uani kwa mama.
Dirisha linalotazama kusi nimelikandika silikoni,
na makonyo nimetupia kila pembe, mende wakasirike.

Limebaki turubali, na hapo ndipo tunapogombana.
Ukifunika pote, tela litaoza kwa jasho lake lenyewe.
Usipofunika, paa lina matundu matatu
ninayoyajua.

Lakini si turubali, Kazija.
Nyumbani tu kumi na mmoja kwa vyumba vitatu.
Mama akohoa, Raya asoma kwa sauti,
watoto wa marehemu dada walalia miguu yangu,
nawe uko chumba cha pili na wanawake.
Tangu karafuu za mwanzo tumekuwa na mlango.
Wa plaiwudi, komeo lake kamba ya katani,
lakini mlango.
Miaka kumi na tisa ya ndoa sikujua
kwamba wewe hucheka usingizini.
Nimelijulia humo, tumeegesha Konde,
magunia ya watu yakitunukia kichwani.

Basi nikanyamaza. Nikaacha siku zipite,
nikajifanya natafuta tofali la nne.

Juzi usiku mlango ukakataa.
Nilisukuma kwa bega, ukabaki ufa wa vidole viwili;
mbao imeshakunywa unyevu ambao sisi hatujauona.
Ukapeleka kiganja kwenye ufa, ukakirudisha puani.
"Kesho," ukasema. Hukusema zaidi.

Tukamwaga maji mchana, bata wakafurahi.
Ukakusanya vikombe vyote, ukaacha kimoja msumarini.
Nilikiona. Sikuuliza.

Sasa ni saa nane za usiku na imekuja.
Kwanza kidogo, kama mtu apepetaye,
halafu yote, bati lote, mji wote.
Mama akohoa. Mguu wa mtoto u juu ya kifua changu.
Ng'ambo ya ukuta naisikia sauti yako,
ile ya chini, isiyotaka kumwamsha mtu:

"Baba Raya. Bomba uliliacha wazi?"
Wazi.
"Na turubali?"
Nimefunika paa na pande tatu.
Upande wa mlango sikufunika.

Kimya kirefu, mvua tu.
Kisha kicheko,
na sijui kama umeshalala.